Hapana, mdogo wangu, haikuwa siku ya msaada

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: kama watoto wangu wana marafiki Wajapani au wamefungiwa kambini, na kama ile picha waliyopiga na wanafunzi wasioona ilikuwa siku ya kutoa msaada. Nakujibu bila kuficha.

Hapa Yokosuka, kwenye kambi ya jeshi la majini la Marekani nchini Japani, mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuzungumza na Mjapani. Shule ni ya Kiingereza, dukani tunalipa dola. Shemeji yako akipanda meli, hatumwoni kwa miezi. Na kila baada ya miaka miwili mitatu amri inatoka, mnahama, mtoto anaanza upya kutafuta wa kucheza naye. Binti yangu alikuwa ameshaacha kutafuta. Hilo sikuwahi kuwaambia nyumbani.

Safari ya kwanza kwenye shule ile ya wasioona kweli tulijifanya wafadhili. Tukabeba zawadi, watoto wetu wakaimba, wenzao wakakaa wakisikiliza, tukapiga picha, tukaondoka. Nilirudi na aibu moyoni.

Safari ya pili walimu wao walitupeleka ukumbini kucheza goliboli. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Wanacheza watatu kwa watatu, wote wamefunikwa macho, hata anayeona. Mpira una kengele ndani na uzito wa kilo 1.25. Sakafuni, chini ya utepe wa mistari ya uwanja, hupita kamba, uipapase ujue uliposimama. Ukumbi lazima unyamaze, maana unadaka kwa masikio. Watoto wa wanajeshi walifungwa vibaya! Binti yangu alikuwa akijirusha upande usio na mpira, mpaka msichana mmoja alipomshika mkono na kuuweka juu ya kamba.

Msichana huyo analala bweni, nyumbani huenda Ijumaa, kwa sababu shule za wasioona ni chache na mikoa mingi ina moja tu. Kulala mbali na kwao anakujua. Urafiki wao ulianzia hapo, wala si kwenye zawadi zetu.

Kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, zilikuwa zimemshinda binti yangu. Nukta nundu za Kijapani, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, zilizopitishwa mwaka 1890, hazina kanji. Zinaandika sauti, silabi kwa silabi, kwa hiyo maneno yetu mengi ya Kiswahili yanaingia bila shida. Katika kila fungu la nukta, irabu hukaa juu kushoto, konsonanti chini kulia. Neno la kwanza aliloandika ni "mama", na mwenzake akalisoma kwa kidole, akacheka, kwani hata wao hulitumia.

Sasa amri ya uhamisho imetoka. Amelia siku mbili, nami sikumwambia anyamaze. Jana nilimkuta mezani na kibao cha nukta nundu, anatoboa karatasi moja baada ya nyingine. Masanduku bado hatujayafungua hata kuanza kupanga, barua ya kwanza tayari ina kurasa nne.