Kemia hai, kemia kaboni na sabuni "isiyo na kemikali"

SWALI: Nafundisha kemia sekondari. Mada ya misombo ya kaboni wengine huiita kemia hai, wengine kemia ogania, wengine kemia kaboni. Lipi sahihi? Mwanafunzi wangu anashikilia kemia hai, maana kama ilivyo kilimo hai, "haina kemikali".

JIBU: Tumia kemia kaboni. Ogania si kosa. Asili yake ni Kigiriki, limetufikia kupitia Kiingereza, nalo ni ndugu wa ogani, yaani kiungo cha mwili. Lilifaa zamani, wataalamu walipoamini kuwa misombo hiyo hutoka kwa viumbe hai tu. Mwaka 1828 mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza maabarani urea, kemikali iliyomo kwenye mkojo, akamwandikia mwalimu wake Berzelius kwamba ameipata bila figo ya mtu wala ya mbwa. Kemia hai ilianza kupoteza hoja yake hapo. Nailoni ya wavu na protini ya samaki aliyenaswa humo zimeungwa kwa kifungo cha aina moja, cha amidi, kinachounganisha kaboni na nitrojeni. Zote ni kemia kaboni, na nailoni haijawahi kuwa na uhai.

Ila kilichonikera ni hilo "haina kemikali". Limejaa kila mahali: kwenye dawa za nywele, asali, na hasa sabuni za karafuu. Hebu tuitazame sabuni hiyo. Mtengenezaji amechanganya mafuta ya nazi na kostiki, kemikali kali inayounguza ngozi, na bila hiyo asingepata sabuni. Vikishaungana, kinachobaki ni chumvi za asidi za mafuta, yaani minyororo mirefu ya kaboni: kemikali. Harufu yake nzuri ni eujenoli, yenye kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2: kemikali. Ndiyo hiyo hiyo daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Hata maji ya kuoshea povu ni kemikali. Ukiondoa kemikali zote, mteja atanunua karatasi ya kufungia, nayo pia ni selulosi: kemikali!

Neno hili linadhuru. Mzazi aliyeaminishwa kwamba mafuta ya karafuu hayana kemikali atamnywesha mtoto bila woga, kumbe eujenoli ikizidi huharibu ini. Muuzaji aseme anachokusudia: haina rangi ya kiwandani, haina manukato ya kuongezwa, haina zebaki. Hapo mteja ataelewa, na mkaguzi ataweza kupima.

Kuhusu kilimo hai, jina limekwisha zoeleka na sitaligombania. Lakini mweleze mwanafunzi wako kwamba urea ya kwenye mfuko wa mbolea ni msombo wa kaboni, imo kwenye somo lako la kemia kaboni, na bado hairuhusiwi kwenye shamba la kilimo hai. Akiandika "kemia hai" kwenye mtihani, msahihishe. Akiandika "haina kemikali", mkate alama.