Mama alitaka nilipe

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Je, uliwahi kudaiwa pesa usiyostahili kudaiwa, na ulifanya nini?" Nilidaiwa pauni 100, nikakataa. Ila itabidi nianze na mama, maana deni lile lilimtesa yeye kuliko mimi.

Mama ni mgonjwa wa figo. Tunaishi England, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka hospitali kusafishwa damu. Asiyewahi kumsindikiza mgonjwa wa namna hii husikia "saa nne za mashine" akadhani ni saa nne tu. Kuna kupimwa uzito, kuna kungoja kitanda kisafishwe, kuna sindano mbili za mkononi, ndipo saa nne zenyewe zianze. Zikiisha, sindano zinachomolewa na pamba inabanwa hadi damu ikate. Siku nyingine inakata haraka, siku nyingine tunakaa nusu saa nimemshika mkono. Damu ya mtu huwezi kuiharakisha kwa sababu gari liko nje.

Utaratibu wa nchi hii unalitambua jambo hilo. Wales na Scotland, kuegesha gari kwenye hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ni bure. England watu wengi wanalipa, lakini tangu 2020 kuna makundi manne yanayopaswa kuegesha bure: wenye beji ya buluu ya ulemavu, wazazi wanaolala na watoto wao wodini, wafanyakazi wa zamu ya usiku, na wagonjwa wa nje wanaohudhuria mara kwa mara. Hao wa mwisho ni wale wanaokwenda angalau mara tatu kwa mwezi, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Mama anakwenda mara tatu kwa wiki, na huu ni mwaka wa pili.

Kwenye mapokezi ya kitengo chetu kuna tableti. Ukifika unaandika namba ya gari lako, na kampuni inayosimamia maegesho inajua kwamba gari hilo halidaiwi. Jumatano ile tableti ilikuwa imekufa. Dada wa mapokezi akatoa daftari, akaandika namba za magari yetu moja baada ya moja, akasema atazipeleka mwenyewe. Nikamshukuru, nikaenda kumvua mama koti.

Siku tisa baadaye ikaja barua. Picha mbili za gari langu, moja likiingia saa 6:41 mchana, nyingine likitoka saa 12:27 jioni. Pauni 100, au 60 nikilipa ndani ya siku 14. Mama aliiona kabla yangu kwa sababu yeye ndiye huokota barua mlangoni. Nilipotoka kazini nilimkuta amekaa na bahasha mapajani na pochi yake pembeni, ameshahesabu noti tatu za pauni 20.

"Mwanangu, walipe," akaniambia. "Nchi ya watu hii."

Nchi ya watu. Maneno hayo nimeyasikia tangu tulipofika. Ndiyo yanayotufanya tuseme asante hata pale tulipodhulumiwa. Mama aliogopa mahakama, akaogopa jina langu kuchafuka, na zaidi aliogopa hospitali wakikasirika watampa kitanda kibaya au watamfukuza. Nilimweleza kwamba kampuni ya maegesho na wauguzi wake ni watu mbalimbali kabisa. Hakuniamini. Usiku ule hakula vizuri, na mgonjwa wa figo ambaye chakula chake kinapimwa hivyo, kukosa mlo si jambo dogo.

Nikaanza kusoma. La kwanza nililojifunza ni kwamba barua ile haikuwa faini ya serikali, ingawa imepangwa ifanane nayo. Halmashauri hutoa PCN, yaani notisi ya kudai malipo, na kampuni binafsi nazo hutoa PCN. Ya halmashauri, herufi P inasimama kwa "Penalty", adhabu. Ya kampuni inasimama kwa "Parking", maegesho. Herufi tatu zilezile, lakini ya kampuni ni madai tu: inasema uliingia mkataba nayo kwa kuegesha mbele ya mabango yake, nawe ukauvunja. Madai yanajibiwa. Laiti ningelijua hilo miaka iliyopita, maana kuna barua nyingine mbili za namna hii nilizozilipa bila kuuliza.

La pili liliniokoa nisikosee. Hoja yangu ya kwanza, niliyokuwa nimeshaiandika kwa hasira, ilikuwa kwamba pauni 100 ni nyingi mno. Kumbe mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya bwana Beavis, aliyezidisha muda kwa karibu saa nzima katika maegesho ya bure ya saa mbili huko Chelmsford akadaiwa pauni 85. Alishindwa. Majaji walisema kampuni ina sababu halali ya kutoza kiasi hicho. Kwa hiyo kulalamikia ukubwa wa pesa peke yake hakufiki mbali. Nikaichana barua ile nikaandika nyingine yenye jambo moja: sidaiwi kitu, kwa sababu mgonjwa niliyempeleka ana haki ya kuegeshewa bure, na namba ya gari ilitolewa mapokezi kama tulivyoagizwa.

Nilirudi kitengoni Ijumaa nikamwomba dada wa mapokezi ushahidi. Sikutaka picha ya daftari, maana lina namba za magari ya wagonjwa wengine. Nilimwomba aandike kwa maneno yake kwamba siku ile tableti haikufanya kazi na kwamba namba yangu aliipokea. Aliandika papo hapo, akapiga muhuri wa kitengo. Muuguzi mkuu naye akanipa barua ya mahudhurio ya mama. Karatasi mbili. Nilizituma kwa kampuni nikabaki na nakala.

Wakakataa. Jibu lao lilisema mabango yako wazi na ni jukumu la dereva kuhakikisha gari limesajiliwa. Karatasi zangu hazikutajwa hata kwa neno moja. Hapo ndipo watu wengi wanapochoka, nami nilikaribia. Mama akatoa tena zile noti.

Lakini chini ya jibu lao kulikuwa na namba ya tarakimu kumi ya kukatia rufaa nje ya kampuni. Kampuni hizi ziko katika vyama viwili: zilizo chini ya chama cha BPA rufaa zake husikilizwa na chombo kiitwacho POPLA, zilizo chini ya chama cha IPC huenda chombo kingine, IAS. Yetu ilikuwa ya POPLA. Dereva halipi kitu kukata rufaa, ana siku 28 tangu akataliwe, na uamuzi ukimpendelea, kampuni imefungwa nao. Usipompendelea, mlango wa mahakama bado uko wazi kwake. Nikajaza fomu, nikaambatisha karatasi zilezile.

Siku hiyohiyo nilikwenda PALS, ofisi ya NHS inayopokea malalamiko na maswali ya wagonjwa. Hili nalisisitiza kwa msomaji mwenye barua kama ile mkononi sasa hivi: kampuni inafanya kazi kwenye ardhi ya hospitali, na hospitali ikisema futa, mara nyingi inafuta. Mama wa makamo aliyenipokea alisoma karatasi zangu taratibu, akaniuliza mama anaendeleaje. Tangu barua ile ifike, hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo.

Baada ya wiki mbili na siku kadhaa ikaja barua ya mistari miwili: madai yamefutwa. Samahani haikuwemo. Kama ni PALS au ni rufaa iliyowageuza, hawakusema.

Naomba niseme na wale wanaozitupa barua hizi kwenye pipa, maana kuna wanaoamini hiyo ndiyo dawa. Kampuni ina miaka sita ya kukupeleka mahakamani, na wapo wanaopelekwa. Ukipuuza na karatasi za mahakama, hukumu inatoka bila wewe kusikilizwa, na usipoilipa ndani ya mwezi mmoja itakaa kwenye kumbukumbu zako za mkopo miaka sita. Wakati huohuo usitishwe na barua nyekundu za wakusanya madeni. Hao si madalali wa mahakama. Hawana ruhusa ya kuingia nyumbani kwako wala kuchukua kiti chako. Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliwalipa pauni 170 kwa sababu alidhani watakuja kubeba kochi. Mkewe alikuwa kwenye kitengo kilekile cha mama, alikuwa na haki ileile. Aliponisimulia nilisikia uchungu, kwani kwa muda wote ule tulikuwa tunasalimiana kila Ijumaa na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Barua ya kufutiwa mama ameiweka kwenye faili lake la plastiki, pamoja na kadi ya kliniki na pasipoti. Zile noti tatu alinunulia samaki na unga, akatualika sote.

Mwezi uliopita tableti ilikufa tena. Nilikuwa nahangaika kutafuta pa kuegesha, nikamshusha mama mlangoni atangulie. Nilipoingia nilimkuta bado yuko mapokezi, kiti chake cha magurudumu kimeziba njia. Alikuwa anamwambia bibi mmoja wa Kisomali, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, asiende kitandani kwanza. Aandikiwe karatasi, ipigwe muhuri.