Wasomaji Wauliza: Mbona Roketi Inageuka Kichwa Chini?

Maswali ya safari hii yote yanahusu Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta ambao mchezaji huunda roketi mwenyewe na kuirusha kutoka sayari ya Kerbin. Majibu ni ya mchezo wenyewe bila nyongeza zozote.

Roketi yangu hupanda wima vizuri hadi kilomita 10. Nikiilaza nyuzi 45 kama mwongozo niliousoma unavyosema, inapinduka, mkia unatangulia mbele. SAS, ule mfumo wa mchezo unaoishikilia roketi isiyumbe, nimeiwasha. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Mwanza*

Kosa la kwanza si lako, ni la mwongozo. Ushauri huo ni wa kabla ya toleo la 1.0, lililotoka Aprili 2015. Zamani hewa ya Kerbin ilikuwa nzito kama uji karibu na ardhi, na mchezo haukujali roketi yako ina umbo gani. Kupanda wima hadi kilomita 10 ndipo ulaze kulikuwa na maana. Tangu 1.0, hewa inahesabiwa kwa umbo la chombo. Ukifika kilomita 10 umeshapita mwendo wa sauti. Ukiilaza roketi kwa ghafla unaukabidhi upepo ubavu mzima, na hakuna SAS itakayoshinda hapo.

Hata roketi za kweli hazistahimili jambo hilo. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 ya kwanza kabisa ilipotoshwa na programu ya kompyuta yake, midomo ya injini ikageuka hadi mwisho, roketi ikaukata upepo kwa zaidi ya nyuzi 20 na kuvunjika. Ilikuwa hewani sekunde 40 hivi tu.

Fanya hivi. Panda wima mpaka mwendo wa mita 50 hadi 80 kwa sekunde, kisha inamisha nyuzi 5 tu kuelekea mashariki, yaani 90 kwenye tufe la mwelekeo. Subiri ile alama ya mduara inayoonyesha unakokwenda iifuate pua. Kuanzia hapo iache roketi ijilaze yenyewe kwa uzito wake. Kazi yako ni kuhakikisha pua haiachani na mduara kwa zaidi ya nyuzi 5. Kama rubani wako ana nyota moja, au kompyuta ya chombo inaruhusu, iambie SAS iushike mduara huo. Mambo yakienda sawa utakuwa nyuzi 45 hivi ukifika kilomita 10, lakini utakuwa umefika hapo polepole. Ukipita kilomita 35 au 40 hewa imeshakuwa nyembamba, geuza utakavyo. Inaisha kabisa kilomita 70.

Sasa muundo wenyewe, maana rubani mzuri hawezi kuokoa roketi mbaya. Mtazame mshale: chuma kizito mbele, manyoya nyuma. Ukiutupa kinyume, hewani utajigeuza wenyewe. Roketi ni vivyo hivyo. Uzito ukae juu, hewa ikamate chini. Kwenye jengo la kuundia washa vitufe vya vitovu: mpira wa njano ni kitovu cha uzito, wa buluu ni kitovu cha nguvu ya mabawa. Wa buluu uwe chini ya wa njano. Kisha bofya kulia kwenye matanki ya hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayowaka kwanza, punguza mafuta hadi nusu, halafu hadi robo, uone mpira wa njano unahamia wapi. Roketi nyingi zilizo sawa zikiwa zimejaa huharibika njiani, kwa sababu mafuta yakiisha ile injini nzito ya chini huuvuta mpira kwake.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: mpira wa buluu huhesabu mabawa na mapezi tu. Setilaiti yako yenye antena na paneli zilizochomoza pale juu haionekani kwenye mpira huo, ila upepo unaiona vizuri sana. Ifunike kwa gamba la kukinga. Ukiwa angani bonyeza F12, utaona mistari myekundu ya ukinzani wa hewa. Kama iliyo mirefu iko puani, umempata mchawi.

Mapezi manne, chini kabisa ya hatua ya kwanza. Yasiyogeuka yanatosha kwa roketi nyingi. Usiyaweke kwenye hatua ya pili kwa ajili ya urembo, yanaupandisha mpira wa buluu.

Jambo la mwisho ni msukumo. Tuchukue roketi ya kawaida ya wanaoanza: chumba cha Mk1, tanki la FL-T800 (tani 4.5), FL-T400 (tani 2.25) na injini ya Swivel (tani 1.5). Jumla ni kama tani 9.1. Swivel usawa wa bahari inasukuma kilonyutoni 168, na uzito wa roketi ni kama kilonyutoni 89. Ukigawanya unapata 1.9, ambayo ni nyingi mno. Utakuwa unakimbia kupita kiasi mahali ambapo hewa bado ni nzito. Bofya injini, shusha kikomo cha msukumo hadi asilimia 75, upate 1.4. Chochote kati ya 1.3 na 1.6 kinafaa.

Halafu usidanganyike na injini ya Reliant kwa kuwa ina nguvu zaidi. Mdomo wake haugeuki hata kidogo, wakati wa Swivel hugeuka nyuzi 3, na nyuzi hizo tatu ndizo usukani wako.

Shikamooni. Roketi yangu ndefu haipinduki, ila inanesanesa kama mnazi kwenye upepo hadi inakatika katikati. Nimeweka nondo za kufungia lakini wapi.
*Mwanafunzi, Kisumu*

Marahaba. Kila kiungo kati ya tanki na tanki mchezo unakichukua kama bawaba inayopinda kidogo, kwa hiyo hesabu viungo kwanza. Tanki moja la Rockomax Jumbo-64 lina mafuta sawasawa na FL-T800 nane. Nane zilizopangwa mlingoti zina viungo saba, Jumbo haina hata kimoja. Nenepesha roketi, usiirefushe.

Pili, ingia kwenye mipangilio ya mchezo uwashe "Advanced Tweakables". Sasa ukibofya sehemu yoyote utaona "Autostrut", nondo zisizoonekana, zisizo na uzito wala ukinzani. Chagua "Grandparent Part" kwa matanki yaliyopangana. "Heaviest Part" inashika vizuri pia, ila sehemu iliyo nzito kuliko zote hubadilika mafuta yakipungua au hatua ikidondoka, na nondo huhama nayo.

Tatu, SAS yenyewe inachochea. Inapima mwelekeo kule juu kwenye chumba cha rubani, inageuza injini kule chini, na kati yao kuna mlingoti unaopinda. Kila marekebisho yanafika yamechelewa, yanaongeza mnesuko badala ya kuutuliza. Shusha kikomo cha kugeuka kwa mdomo wa injini kutoka 100 hadi 30 au 40. Mara nyingi hili peke yake linamaliza kazi.

Roketi yangu inazunguka kwenye mhimili wake kama pia. Injini ni Swivel moja, ina usukani, sasa mbona inashindwa?
*Msomaji, Dodoma*

Injini moja iliyo katikati inaweza kuipeleka pua kushoto, kulia, mbele na nyuma, lakini haiwezi kuuzuia mzunguko huo. Msukumo wake unapita kwenye mhimili wenyewe. Weka mapezi mawili au manne yanayogeuka, AV-R8 kwa mfano, au gurudumu la ndani la kuzungushia. Chanzo chenyewe mara nyingi ni pezi au roketi ya ubavuni iliyobandikwa kwa mkono ikakaa upande. Zing'oe, bonyeza X kwa ulinganifu na C kwa pembe kamili, uzibandike upya.

Nikiwasha SAS roketi inapinduka papo hapo, nikiizima inapanda. Nimebadilisha mapezi na injini, hakuna nafuu.
*Msomaji, Mombasa*

Kompyuta ya chombo chako imewekwa miguu juu, au uliwahi kubofya "Control From Here" kwenye bandari ya kuunganishia inayotazama chini. SAS inaamini juu ni chini, kwa hiyo kila inaporekebisha inaharibu. Dalili iko kwenye tufe: ukiwa umesimama wima kwenye jukwaa lazima uone rangi ya buluu. Ukiona kahawia, bofya chumba cha rubani, chagua "Control From Here", basi.

Usione haya. Tarehe 2 Julai 2013 roketi ya Proton-M ya Urusi ilianguka huko Baikonur sekunde chache baada ya kuruka, na setilaiti tatu za GLONASS, mfumo wa Urusi wa kuonyesha mahali ulipo, juu yake. Uchunguzi ulikuta vipimo vya mzunguko vimefungwa juu chini.

Zile roketi zilizorushwa baharini kwetu Ngomeni zilijituliza vipi? Naweza kuiga kwenye mchezo?
*Msomaji, Malindi*

Unaweza. Kwenye jukwaa la San Marco, Waitaliano walitumia roketi ya Scout ya Kimarekani, hatua nne, zote za mafuta makavu. Ndiyo iliyoipeleka setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mafuta makavu hayapunguzwi moto yakishawaka, na midomo haikuwa ya kugeuka. Hatua ya kwanza iliongozwa na ncha za mapezi zinazogeuka pamoja na vibao vidogo vilivyowekwa ndani ya moto wa injini, ya pili na ya tatu kwa vijipuzi vya haidrojeni peroksidi, na ya nne haikuwa na usukani wowote. Ilizungushwa kasi kama pia kabla ya kuwaka, ikabaki imenyooka.

Kwenye mchezo anza na RT-10 Hammer, injini ya mafuta makavu, na mapezi manne ya AV-R8. Weka kikomo cha msukumo ungali jengoni, ukilenga msukumo uwe mara 1.5 ya uzito, maana baadaye hutaweza kupunguza. Hatua za kati zipe vijipuzi vya RCS, yaani vile vidogo vya kuigeuza roketi. Ya mwisho, ukishapita kilomita 70 elekeza pua, zima SAS kwanza kwani itapigana na mzunguko, shikilia Q au E mpaka izunguke sawasawa, tenganisha, washa. Kabla ya kuwasha usiguse kitufe cha kuharakisha muda: mchezo husimamisha mzunguko wote mara moja, na itabidi uanze kuzungusha upya.