Uzamili wa huduma ya familia ukiwa kazini

Dada, umeuliza kama mwalimu mwenye watoto wadogo anaweza kusoma uzamili wa huduma ya familia bila kuacha kazi. Anaweza, lakini amua kwanza unautakia nini. Ukitaka kufundisha wachumba, kulea ndoa changa na kuendesha vipindi vya wazazi kanisani, tafuta shahada ya theolojia yenye mkondo wa familia. Ukitaka kuketi na wanandoa waliofikia kutengana, hiyo ni tiba ya ndoa na familia. Pan Africa Christian University, pale Roysambu, Nairobi, wanaifundisha ngazi ya uzamili. Tena hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, kwa hiyo kuhubiri vizuri kuhusu ndoa hakutoshi kukufanya mshauri wa kitaalamu.

Masomo ya jioni na wikendi utayazoea. Kinachotubana sisi wenye kazi ni mafunzo ya vitendo: saa za kuwasikiliza watu wenye shida, chini ya msimamizi, na nyingi huangukia mchana wa siku za kazi. Mimi nilizimalizia katika likizo za shule, nikachoka kweli, ila hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza na kusikiliza. Waulize chuoni kuhusu saa hizo kabla hujalipa karo, na uhakikishe programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Baba watoto naye umwambie mapema, maana tasnifu huandikwa usiku.