Milimita za asubuhi huamuliwa jana yake

Wewe unayeanza kupima usugu wa bakteria kwa njia ya diski (vipande vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki), usidhani kazi iko kwenye rula. Ukubwa wa duara utakalosoma kesho, yaani eneo lisiloota bakteria kuzunguka diski, unautengeneza leo.

Chota koloni (vishada vya bakteria) tatu hadi tano zinazofanana, kutoka sahani iliyooteshwa usiku mmoja na yenye bakteria wa aina moja tu. Wakichanganyika, jibu halimhusu yeyote kati yao.

Kisha wakoroge kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na mrija wa 0.5 McFarland, yaani kipimo sanifu cha ukungu. Hapa tafadhali tulia. Tikisa mirija yote miwili, wako na wa kipimo, ishike mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi, kwenye mwanga mzuri, uone kama mistari inafifia sawasawa. Mchanganyiko ukiwa mzito, duara husinyaa na bakteria anayeuawa na dawa huonekana sugu. Ukiwa mwepesi, duara hutanuka na sugu huonekana dhaifu. Hili la pili ndilo linalonitisha zaidi, maana mgonjwa atapewa dawa isiyomsaidia.

Kuanzia hapo usizubae: mchanganyiko utumike ndani ya dakika 15, diski ziwekwe ndani ya dakika 15 baada ya kuupaka kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), na sahani ziingie inkubeta ya nyuzi 35 ndani ya dakika 15 nyingine. Diski ikishagusa agari usiihamishe. Dawa imeshaanza kusambaa. Agari yenyewe, Mueller-Hinton, iwe na kina cha milimita 4. Diski zikitoka kwenye friji, ziache zipate joto la chumba kabla ya kufungua, kwani unyevu huharibu dawa za jamii ya penisilini.

Asubuhi anza na sahani ya udhibiti, yenye bakteria ambao kiwango cha duara lao kinajulikana, kwa mfano E. coli ATCC 25922. Ikiwa nje ya kiwango, majibu ya wagonjwa hayatoki, hata wodi wakipiga simu mara ngapi. Waambie wazi kwamba kipimo kinarudiwa.

Antibiotiki iitwayo kolistini usiipime kwa njia hii ya diski kabisa: molekuli yake ni kubwa, haisambai vizuri kwenye agari. Na ukiona Klebsiella pneumoniae anauawa na ampisilini, zuia jibu hilo. Bakteria huyo ana usugu wa asili dhidi yake, kwa hiyo hakikisha kwanza kama kweli ni yeye.