Jibu kwa aliyeuliza: nina uhuru na marafiki, mbona sina raha?

Mdogo wangu mleta mada, umesema umeacha ajira, unajifanyia kazi zako nyumbani, marafiki unao, hela ya kula haikosi na hakuna bosi wa kukupangia. Lakini usiku usingizi hauji na mchana huna hamu na chochote. Waliotangulia kukujibu wamekuambia utafute watu, ujichanganye. Kwa heshima zote, watu unao tayari. Mimi naona ulichokosa ni utaratibu unaokushika, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 1897 Mfaransa Émile Durkheim, mtaalamu wa mambo ya jamii, alichapisha utafiti kuhusu watu kujiua. Wengi wakati ule waliona hilo ni jambo la akili ya mtu mmoja mmoja au la kurithi. Yeye akazipitia takwimu za nchi za Ulaya na kuonyesha kwamba hali ya jamii ina mkono wake. Wasio na ndoa walikuwa hatarini kuliko wenye ndoa. Vita vilipozuka, idadi ilishuka. Na lililonigusa zaidi: idadi ilipanda uchumi ulipoporomoka, ikapanda pia neema ilipokuja kwa ghafla. Maelezo yake ni kwamba mambo yakigeuka ghafla, hata kwa uzuri, mtu hupoteza kipimo cha kumwambia hapa panatosha. Kwa hiyo akatenganisha mambo mawili: kuwa sehemu ya kundi, na kuongozwa na kanuni. Kila moja huumiza likipungua, na huumiza likizidi.

Hilo la kuzidi nalijua vizuri. Nilifanya kazi mahali ambapo kila kitu kilikuwa na amri yake: saa ya kuingia, ruhusa ya kutoka, hata nani aongee kwanza kikaoni. Wenzangu tulipendana sana, tukila pamoja na kuuguzana. Upweke haukuwepo, na bado nilikuwa nakauka ndani kwa ndani, kwa sababu kuuliza "kwa nini" kulihesabiwa utovu wa nidhamu. Durkheim aliigusia hali hiyo kwenye tanbihi tu. Naona aliipunja, maana watu wengi wanaishi humo.

Nilipotoka na kujiajiri, mwanzoni ilikuwa raha tupu. Halafu siku zikaanza kukosa kingo. Kazi ya asubuhi ikahamia usiku, Jumapili ikafanana na Jumanne, na kila nilichokamilisha kikaonekana kidogo dakika hiyo hiyo. Marafiki walikuwepo muda wote huo. Tulicheka, tukaagana, na hakuna aliyekuwa ananisubiri mahali popote saa yoyote.

Kuna kijiji cha Austria, Marienthal, ambacho kiwanda chake kilifungwa, na karibu kila mtu akabaki bila kazi. Marie Jahoda na wenzake waliwachunguza watu wake na kuchapisha matokeo mwaka 1933. Ungetarajia watu wenye muda tele wasome zaidi, sivyo? Kuazima vitabu maktaba kulipungua. Wanaume walitembea polepole, na wakiulizwa mchana wao uliendaje walishindwa kueleza. Wanawake nao walipoteza ajira, lakini kazi za nyumbani ziliendelea kuipa siku yao umbo. Najua wale walikosa mshahara na wewe hujaukosa, ila muda usio na mipaka ni ule ule.

Mimi nilisaidiwa na kwaya, na si kwa sababu ya sauti nzuri. Mazoezi yana saa yake. Ukichelewa unaeleza, usipofika mtu anakupigia. Unapewa sauti ya kuimba, na wimbo hukuuchagua wewe. Hapo unapata watu na kanuni kwa pamoja, jambo ambalo vijiwe vya maongezi havikunipa kamwe. Ratiba ya kujitungia peke yako ni dhaifu kwa sababu anayeivunja ndiye anayejisamehe.

Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 kuhusu mahusiano ya watu na vifo, zenye watu zaidi ya 300,000. Wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi ulio juu kwa asilimia 50. Ila angalia hapa: kigezo cha kuishi peke yako au na mtu ndicho kilichokuwa dhaifu kuliko vyote. Kilichokuwa na nguvu zaidi ni kile kilichopima ushiriki wa mtu katika maisha ya jamii kwa sura zake nyingi. Ndiyo maana ushauri wa "oa tu, utapona" siukubali.

Ukitafuta kundi, kwanza chunguza kama kanuni zake zinahojiwa. Sisi siku ya mazoezi tuliibadilisha kwa kura baada ya wachache kulalamika. Kundi ambalo kuondoka kwako kunaitwa usaliti, liache, hata kama linakukumbatia sana.

Na huko kukosa usingizi, kama kumeambatana na mawazo ya kutotaka kuishi, nenda kwa daktari au mshauri leo, usisubiri kundi lolote.

Kabla hujaacha ajira, kuna jambo ulilokuwa ukifanya na wenzako kwa siku maalumu? Timu, ibada, masomo, kujitolea? Litaje hapa tuone kama linaweza kurudi.