Wasomaji Wanauliza: Uzamivu katika Sera za Afya ya Kimataifa

Ndugu wataalamu, mimi ni mfamasia mwenye shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, nimetaka kusomea uzamivu kuhusu "athari za kupungua kwa misaada katika mfumo wa afya Tanzania". Nichague PhD au DrPH (shahada ya uzamivu ya afya ya umma)? Na nianzie chuo gani? (Mfamasia, Dodoma)

Ndugu yetu, chuo kiweke kando kwanza. Ulichotuandikia ni mada, bado si swali. Mfumo wa afya una dawa, watumishi, maabara, takwimu, magari, mishahara ya wahudumu ngazi ya jamii, na kila kimoja kimeguswa kwa namna yake. Andiko la namna hiyo likifika mbele ya jopo, mtu wa kwanza atakuuliza utapimaje athari ilhali mambo mengine mengi yamebadilika wakati huohuo, na hapo utabanwa.

Sera ni maamuzi. Kwa hiyo tafuta uamuzi mmoja, wenye wahusika na tarehe. Mada yako tungeigeuza hivi: "Katika mwaka wa fedha 2025/26, ni nani aliyeamua ni huduma zipi za VVU zilizokuwa zikilipiwa na wafadhili zihamie kwenye bajeti za halmashauri, aliamua kwa utaratibu gani, na kwa nini nyingine ziliachwa?" Sasa unajua nyaraka za kutafuta: mwongozo wa mipango na bajeti, bajeti za halmashauri mbili au tatu, mihtasari ya vikao, mikataba na wafadhili. Unajua pia wa kuwahoji, kuanzia wizarani na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri) hadi kwa mganga mkuu wa wilaya, na unajua mahali pa kuishia. Wala usidhani umetoka nje ya afya ya kimataifa kwa kuwa unachunguza halmashauri. Fedha zimekatwa Washington, na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria una taratibu zake Geneva. Kazi nzuri kabisa katika fani hii ni ile inayoufuata uamuzi mmoja kutoka huko hadi kwenye zahanati bila kuuachia njiani.

Halafu nadharia. Wengi hutumia pembetatu ya sera ya Walt na Gilson ya mwaka 1994, yenye maudhui, muktadha, mchakato na wahusika. Ni zana nzuri, lakini watu huifanya vichwa vinne vya sura, wakajaza kila kimoja, na mwishoni hakuna kilichoelezwa. Pembetatu hukuonyesha pa kutazama. Haikuambii kwa nini jambo lilitokea. Kwa hilo la pili iongezee nadharia ya maelezo, mfano ile ya John Kingdon isemayo kwamba suala hupanda kwenye ajenda pale tatizo, suluhisho na upepo wa siasa vinapokutana.

Kuhusu shahada: ukitaka kufundisha chuo kikuu na kuongoza utafiti, chukua PhD. DrPH imelengwa kwa wanaotaka kuongoza taasisi. Ya London School of Hygiene & Tropical Medicine, kwa mfano, ina kozi za darasani, mradi wa kuchambua taasisi au sera, kisha tasnifu fupi kuliko ya PhD. Kama unawaza ajira ya chuo nyumbani, muulize mwajiri huyo jinsi anavyoihesabu DrPH kabla hujalipa hata ada ya maombi. Na shahada yoyote ya nje utahitaji itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Nimeandikia maprofesa wengi Uingereza na Marekani kuomba wanisimamie. Wawili tu walijibu, na wote walisema hawana nafasi. Ninakosea wapi? (Muuguzi, Kisumu)

Dada, mara nyingi kosa huwa kwenye barua yenyewe. Barua inayoanza na historia ya maisha, ikafuatiwa na "nina shauku kubwa na afya ya dunia", na kiambatisho cha kurasa 20, haisomwi. Profesa hutafuta mambo manne: swali lako ni lipi, linahusianaje na kazi yake, data utaipata wapi, na nani atalipa. Yaweke yote katika maneno yasiyozidi 250.

Soma makala zake mbili za miaka ya karibuni kabla ya kuandika, kisha sema wazi unakoendelea kutokea hapo. Kwa mfano: "Makala yako imeonyesha jinsi kaunti zinavyopanga bajeti ya chanjo. Mimi nataka kujua nini kilibadilika baada ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) kuchukua nafasi ya NHIF (mfuko wa bima ya afya wa Kenya) Oktoba 2024, katika kaunti mbili ambako nina ruhusa ya kuona nyaraka." Sentensi hizo mbili zina uzito kuliko cheti chochote utakachoambatisha. Weka wasifu wa kurasa mbili na dhana ya utafiti ya kurasa mbili, basi. Kama hajajibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha mwachie.

Zingatia pia tofauti ya nchi. Uingereza unaingia na swali lako na msimamizi wako, ukimaliza kwa miaka mitatu au minne. Marekani kamati ndiyo huchagua wanafunzi, kozi huchukua mwaka mmoja hadi miwili, kuna mtihani wa kufuzu, ndipo tasnifu. Profesa peke yake hana uwezo wa kukuingiza. Programu nyingi za huko hufunga maombi Desemba, kwa hiyo barua yako ifike Septemba. Sweden na Norway nafasi ya uzamivu kwa kawaida ni ajira yenye mshahara, na hutangazwa kama kazi. Huko barua ya kuomba usimamizi haina faida kama hakuna tangazo. Fuatilia kurasa za ajira za vyuo.

Nimeshasajiliwa chuo cha nje na nitakusanya data Tanzania Bara. Chuo kimenipa kibali cha maadili. Je, kinatosha? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

Hakitoshi, na hapa ndipo miezi mingi hupotelea. Unahitaji kibali cha taifa kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa (NIMR), na utahitaji taasisi ya hapa nchini ya kushirikiana nayo. Kama utafika Zanzibar, kuna kamati yake yenyewe. Data ikitoka nje ya nchi, kuna mkataba wa kuhamisha data wa kusainiwa. Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja, huhuishwa. Weka tarehe ya kuomba uhuisho kwenye kalenda yako siku unayokipokea.

Baada ya hapo zinaanza barua za kushuka ngazi: TAMISEMI, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo mganga mkuu. Kila ofisi huangalia mhuri wa ofisi iliyo juu yake, hivyo ukiruka moja utarudishwa. Panga miezi sita kwa vibali vyote. Ukipata mapema, umebarikiwa.

Ratiba nayo ina siri yake. Aprili hadi Juni Bunge la bajeti likiwa Dodoma, maofisa unaowataka hawana hata nusu saa, na Mei wengine wako Geneva kwenye Mkutano wa Afya Duniani. Mahojiano ya wizarani yapange kuanzia Julai mwishoni, mwaka mpya wa fedha ukishaanza.

Jambo tunalotaka ulishike kuliko yote ni usiri wa unaowahoji. Wanafunzi hufuta jina, kisha huandika "afisa mwandamizi, kitengo cha ugharamiaji". Kitengo hicho kina maofisa waandamizi wangapi? Kila mtu jengoni atamjua. Mtu huyo alikuamini, na anaweza kulipia kwa kazi yake. Andika "mtumishi wa serikali, ngazi ya taifa", na kama nukuu yenyewe inamfichua kwa namna anavyosema, eleza kwa maneno yako badala ya kunukuu. Akikataa kurekodiwa, usimbembeleze: andika kwa mkono na ukamilishe maelezo siku hiyohiyo. Mahojiano 25 hadi 40 ya watu waliohusika kweli yanatosha tasnifu ya aina hii, mradi uyalinganishe na nyaraka. Kumbukumbu za watu kuhusu vikao hupishana sana.

Nina watoto wadogo, siwezi kuhama miaka minne, na ada za Ulaya sizimudu. Kuna njia? (Mama, Mwanza)

Ipo. Sajili nyumbani, kisha utafute muda mfupi wa nje. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mpango wa kugawanya masomo, unaokuwezesha kukaa Uingereza hadi miezi 12 huku shahada ikitoka chuo chako. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, hufadhili watumishi wa vyuo wanachama, vikiwemo Makerere, Moi, Nairobi na Rwanda. Kama huajiriwi na taasisi mwanachama, usipoteze muda. DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, nayo hutoa ufadhili wa kusomea ndani ya kanda yetu.

Ukiweza kwenda mbali kidogo, itazame Basel. Swiss TPH, taasisi ya tiba ya kitropiki na afya ya umma iliyoko huko, ina uhusiano na kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, Tanzania, tangu 1957, wanafunzi wake wengi hukusanya data Afrika, na ada ya chuo ni franka mia chache kwa muhula, wakati mwanafunzi wa kigeni Uingereza mara nyingi hudaiwa zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka. Ila maisha ya Uswisi ni ghali, kwa hiyo ada ndogo bila posho haikusaidii.

Kabla ya kusaini ufadhili wowote, uliza kama unalipia gharama za kukusanya data: vibali, nauli, posho za wasaidizi, unukuzi wa sauti, tafsiri. Nyingi hulipa ada na kujikimu tu. Unukuzi ndio husahaulika zaidi: saa moja ya mazungumzo ya Kiswahili huchukua saa tano au sita kuandikwa vizuri, na mahojiano 30 ni kazi ya wiki kadhaa kwa mtu mmoja.

Nimesoma kwa Kifaransa Bukavu. Lazima Kiingereza? (Daktari, Kongo)

Si lazima. Uliza Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, na uulize ushirikiano wake na Ubelgiji. Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp husimamia wanafunzi wa uzamivu, ila shahada hutolewa na chuo kikuu mshirika, kwa hiyo unahitaji kukubaliwa pande zote mbili. Lakini makala nyingi za fani hii ni za Kiingereza. Jifunze angalau kusoma kwa wepesi. Ukiamua kufanya IELTS (mtihani wa Kiingereza), ifanye ukikaribia kutuma maombi, kwa sababu matokeo yake hudumu miaka miwili tu.